Mwongozo kamili: Kuandika haiku ya mnyama inayobeba hisia bila kuitaja

Haiku ni shairi fupi lenye asili ya Kijapani, la mishororo mitatu yenye mizani (silabi) tano, saba na tano. Haiku nyingi za wanyama zinazoletwa zisomwe hufia mahali pamoja: mshororo wa tatu. Mishororo miwili ya mwanzo inakwenda vizuri, ndege yuko tawini, mvua inanyesha, kisha mwandishi anaingiwa na hofu kwamba msomaji hataelewa. Anamalizia kwa "moyo wauma" au "nina huzuni", na shairi linakwisha kabla msomaji hajapata kazi yoyote ya kufanya.

Tazama hii:

*Njiwa mpweke*
*alia kama mimi*
*moyo wauma*

Hesabu mizani: tano, saba, tano. Kwa hesabu hakuna kosa. Kosa ni kwamba njiwa huyu ameitwa kuja kumwakilisha mtu. Hafanyi chochote cha kinjiwa. Ukimtoa ukaweka paka mpweke au mbwa mpweke, shairi halitabadilika, na hiyo ni dalili tosha kwamba mnyama hakuwa na kazi humo.

Mwongozo huu una hatua nane. Zifuate kwa mpangilio angalau mara ya kwanza, hasa ukiwa umezoea kuanza kwa kuhesabu mizani. Hapa kuhesabu kunakuja hatua ya sita.

## Unachohitaji

- Daftari na kalamu. Simu inafaa kuandikia, ila arifa zake zitakutoa kwenye kutazama, kwa hiyo izime intaneti.
- Mnyama mmoja hai unayeweza kumtazama kwa dakika kumi na tano bila kumsumbua. Mdudu anatosha, kwa kweli mdudu mara nyingi ni bora.
- Karatasi ya pembeni, ya kuandikia hisia. Karatasi hii haitaingia kwenye shairi.
- Vidole vya kuhesabia mizani.
- Msomaji mmoja ambaye hajui ulikuwa unaandika nini.

Huhitaji vina, kibwagizo wala kichwa cha shairi. Wengi tuliolelewa na tungo za vina hukosa raha mistari isipoitikiana mwishoni, lakini katika haiku kina cha kulazimisha kinaonekana mara moja, na mara nyingi kimeingia kwa kulifukuza neno lililofaa zaidi.

## Hatua ya 1: Chagua mnyama aliye karibu

Chagua kiumbe unayeweza kumwona leo: mjusi ukutani, mchwa, kunguru, kuku, nzi kwenye kioo, paka. Achana na simba kama simba wako unamjua kwa picha tu. Sababu ni ya kiutendaji. Mnyama usiyemtazama utamjaza sifa ulizosikia, na sifa hizo kila mtu amezisikia.

Tahadhari: lebo za hadithi. Kwa msomaji wa Kiswahili wanyama wengi wanaingia shairini wakiwa tayari wamebandikwa maana. Sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, punda ni mvumilivu, kobe ni wa polepole, njiwa ni amani, kinyonga ni mtu wa kugeukageuka. Ukimtumia fisi kuonyesha ulafi hujaandika haiku, umekumbusha hadithi.

Si lazima uwakimbie wanyama hao. Watafutie tabia ya kweli ambayo lebo imeifunika. Kinyonga, kwa mfano, hana kubadilika rangi tu. Macho yake hujongea kila moja kivyake, la huku likitazama mbele, la kule nyuma. Ukishika hilo, unapata kitu kipya:

*Tunaagana—*
*kinyonga atazama*
*mbele na nyuma*

Hapa hakuna unafiki wala rangi. Kuna mtu anayetaka kuondoka na kubaki kwa wakati mmoja.

Umefaulu ikiwa mnyama wako yupo, unamwona, na huna haja ya kueleza anawakilisha nini.

## Hatua ya 2: Kusanya vitenzi

Kaa. Andika anachofanya, kitenzi kimoja kimoja, bila kivumishi hata kimoja. Usiandike "mzuri", "mnyonge" wala "mpweke". Hayo ni maoni yako juu yake.

Nitachukua mfano mmoja niupitishe hatua zote zilizobaki: buibui kwenye pembe ya dirisha. Orodha yake inaweza kuwa hivi:

anashuka, anasimama hewani, anavuta uzi kwa miguu ya nyuma, anaubandika, anarudi alikotoka, anaanza uzi mwingine, upepo unapiga, anatulia, anaendelea.

Ona jinsi "anaanza uzi mwingine" ilivyokaa humo kama kitu kidogo tu. Ndiyo itakayobeba shairi zima. Katika orodha kama hii kitenzi kinachofaa mara chache huwa kile cha kuvutia. Kuruka, kuua na kupaa huvutia macho ya mwandishi, lakini hisia hukaa zaidi kwenye kurudia, kusita, kugeuka na kuanza upya.

Tahadhari: usibuni tabia. Ukiandika konokono "alisikia", msomaji anayejua kwamba konokono hana masikio atatoka shairini papo hapo. Haiku si ripoti, kwa hiyo unaruhusiwa kuoanisha vitu ulivyoviona siku tofauti. Kumzushia mnyama tendo asiloliweza ndiko kunakoliangusha shairi.

Umefaulu ikiwa una vitenzi vinane au zaidi, na angalau kimoja hukukitarajia.

## Hatua ya 3: Iandike hisia pembeni, kisha ikaze

Kwenye ile karatasi nyingine andika hisia unayotaka ifike. Wengi huandika "huzuni" au "furaha" wakaishia hapo. Huzuni ni kubwa mno kwa mizani kumi na saba. Ikaze mpaka iwe tukio: huzuni ya nani, saa ngapi, mbele ya kitu gani?

Kwa mfano wetu:

huzuni → msiba → msiba wa zamani kidogo → kugundua kwamba siku zimekuwa zikienda wakati mimi nilidhani zimesimama.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoandikika. Inakwambia hata kitenzi gani uchague katika orodha ya hatua ya 2, kwa sababu inatafuta tendo linaloonyesha muda unapita bila kelele.

Ukishamaliza, geuza karatasi kifudifudi. Maneno yaliyomo ni marufuku shairini: huzuni, msiba, siku, kusimama, yote.

## Hatua ya 4: Tafuta picha ya pili na uweke mkato

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Haiku kwa kawaida husimama juu ya picha mbili, na kati yake kuna mkato. Wajapani wana maneno maalumu ya kukatia. Sisi tunatumia kistari kirefu, alama ya mshangao, au kuhama kwa ghafla tu kutoka jambo moja kwenda jingine. Picha moja ni ya mnyama. Nyingine ni ya kitu cha binadamu kinachoshikika: kiatu, kikombe, mlango, barua, kitanda. Hisia haimo katika picha ya kwanza wala ya pili. Inazaliwa msomaji anapovuka kutoka moja kwenda nyingine akatafuta mwenyewe kinachoziunganisha.

Tazama hii:

*Talaka yangu—*
*mkia wa mjusi*
*bado wacheza*

Mjusi hukata mkia akishambuliwa, na mkia ule hubaki ukicheza chini kwa muda ilhali mwenyewe ameshakimbia. Hilo ni jambo la kweli la mjusi. Shairi halisemi "kilichokatika bado kinauma". Msomaji anajisemea hivyo, au anajisemea jambo jingine lililo karibu nalo.

Na hii:

*Baba afoka—*
*konokono arudi*
*ndani ya gamba*

Konokono hakujificha kwa sababu ya baba. Huenda kidole cha mtoto kilimgusa. Shairi halidai sababu, linaviweka viwili jirani tu, na kwa kuwa mtoto hakutajwa popote, msomaji ndiye anayemwona amejikunyata. Ungeandika "naogopa kama konokono", mtoto angepotea na ingebaki tashibiha.

Kwa sababu hiyo neno "kama" ni sumu hapa. Katika tungo nyingine tashibiha ni pambo zuri, ila katika haiku inamvusha msomaji kwa kumshika mkono. Tashihisi ni hatari vilevile: mbwa akitoa machozi ya majuto au njiwa akisali, umemvalisha mnyama kanzu yako.

Jinsi ya kupata picha ya pili: soma hisia yako iliyokazwa, jiulize ni kitu gani cha nyumbani kingekuwa mkononi au miguuni pa mtu huyo wakati ule. Andika vitano. Kwa msiba wa mfano wetu: picha ukutani, kiti, fimbo, miwani, viatu. Picha ukutani ni ya kawaida mno. Kiti kitupu kimeshachoka kwa kutumika. Viatu vinafaa: vina nafasi ndani, viko chini ambako buibui hufika, na mtu huchelewa kuviondoa.

Tahadhari mbili. Weka mkato mmoja tu, ama baada ya mshororo wa kwanza ama baada ya wa pili. Ukiweka miwili utapata vipande vitatu visivyojuana. Na umbali kati ya picha uwe wa wastani: zikiwa karibu mno (mvua / machozi) hakuna cha kuvuka, zikiwa mbali mno (kompyuta / pweza) msomaji anadhani ni kitendawili. Kitendawili kina jibu moja ambalo mtegaji analo. Haiku haina jibu la kutegua.

Umefaulu ikiwa ukisoma picha moja peke yake haisemi hisia yoyote, na ukisoma zote mbili unahisi kitu.

## Hatua ya 5: Andika rasimu bila kuhesabu

Mwaga maneno. Rasimu ya buibui:

*Viatu vyake bado viko mlangoni*
*buibui ameanza kusuka ndani yake*
*tayari anaweka uzi wa pili*

Ndefu, na haidhuru. Ukianza kwa kuhesabu utachagua maneno kwa urefu wake badala ya ukweli wake. Zungushia mduara maneno ambayo shairi haliwezi kuishi bila hayo. Hapa ni manne: *viatu vyake*, *buibui*, *anza*, *uzi wa pili*.

Kwa nini "uzi wa pili" na si "utando"? Utando ni kitu kilichokwisha. Uzi wa pili unasema wa kwanza upo tayari, yaani viatu havijaguswa kwa muda, na kazi bado inaendelea. Neno dogo la kuhesabia limefanya kazi ya sentensi nzima.

## Hatua ya 6: Hesabu mizani

Sasa tano, saba, tano. Kiswahili kimebarikiwa hapa kwa kuwa silabi nyingi huishia na irabu, kwa hiyo hesabu irabu na umepata karibu kila kitu. Mitego iko kwenye *m* na *n*.

- M inayosimama peke yake ni mizani moja. *Mjusi* ni m-ju-si, tatu. *Mlango* ni m-la-ngo, tatu.
- M na N zilizoungana na konsonanti hazihesabiwi peke yake. *Mbuzi* ni mbu-zi, mbili. *Ndege* ni nde-ge, mbili. *Kunguru* ni ku-ngu-ru, tatu.
- Lakini neno likiwa fupi mno, M au N hubeba mkazo na kuhesabiwa. *Mbwa* ni m-bwa, *mbu* ni m-bu, *nzi* ni n-zi, *nge* ni n-ge: zote mbili mbili. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa wadudu wengi wako kundi hili.
- Neno moja linaweza kuwa na hesabu mbili. *Mbaya* ya "mtu mbaya" ni m-ba-ya, tatu. Ya "nyumba mbaya" ni mba-ya, mbili. Sikiliza mdomo wako.
- Irabu mbili ni mizani mbili. *Kaa* ni ka-a, *kondoo* ni ko-ndo-o, *buibui* ni bu-i-bu-i, nne.
- Maneno kama *alfajiri*, yenye konsonanti mbili zilizokutana, hayahesabiwi sawa na kila mshairi. Chagua njia moja uishike katika kazi yako yote.

Ukishangaa kwa nini *m* ipewe hadhi ya silabi, Kijapani nacho huihesabu *n* ya mwisho wa silabi kama kipimo kamili. Tumo katika kundi zuri.

Turudi kwa buibui. "Viatu vyake" ni tano, "uzi wa pili" tano, lakini "buibui anaanza" ni nane. Badili *-na-* iwe *-a-*: "buibui aanza", saba. Njeo hii ya *-a-* ndiyo rafiki mkubwa wa mwandishi wa haiku katika Kiswahili. Inapunguza mizani moja na inalileta tendo mbele ya macho, bila kusema lini.

*Viatu vyake—*
*buibui aanza*
*uzi wa pili*

Shairi halisemi kwamba buibui yuko ndani ya viatu. Msomaji ndiye anayemweka humo.

Tahadhari: usitumie inkisari (kufupisha neno) wala mazida (kulirefusha) kutimiza hesabu. Kukata "kisichotumika" kuwa "kisotumika" kunakubalika kwenye utenzi wa beti mia, ambako sikio limeshazoea mwendo. Kwenye mishororo mitatu neno lililokatwa linapiga kelele kuliko mnyama. Kukiwa na uchaguzi kati ya mizani sita zenye neno sahihi na tano zenye neno lililovunjwa, mimi ningeacha sita.

## Hatua ya 7: Futa

Pitia ukitafuta aina tatu za maneno: jina la hisia, neno la kulinganisha, na kivumishi kinachomhukumu mnyama. Futa vyote, kisha tazama kilichobaki.

Tujaribu hilo kwa njiwa wetu wa mwanzo. Ondoa *mpweke*, ondoa *kama mimi*, ondoa *moyo wauma*. Panabaki "njiwa alia". Si haba: ni mizani tano, mshororo mzima. Kinachokosekana ni kitu cha binadamu. Rudi hatua ya 4, kaza upweke uwe tukio (kusahau kwamba sasa uko peke yako, halafu kukumbuka), tafuta kitu kilicho mkononi:

*Njiwa alia—*
*narudisha kikombe*
*cha pili ndani*

Haya hayahusu huzuni tu. Hisia nyepesi hufuata njia ileile, na wengi hawazijaribu:

*Amekubali—*
*mwanambuzi aruka*
*bila sababu*

"Bila sababu" ni maelezo, nakiri yanakaribia mpaka. Yamesalimika kwa kuwa yanamhusu mbuzi, na kwa kuwa mshororo wa kwanza unayakanusha kwa tabasamu.

Usiogope kuona rasimu imekuwa nyepesi mno baada ya kufuta. Shairi la chura la mshairi wa Kijapani Matsuo Bashō, la mwaka 1686, lina dimbwi la kale, chura anayeruka na sauti ya maji. Neno la hisia halimo.

### Kuhusu msimu

Haiku za jadi za Kijapani hubeba neno la msimu, na mara nyingi mnyama mwenyewe ndiye hilo neno: chura ni majira ya kuchipua, kereng'ende ni majira ya kupukutika majani. Usinakili kalenda hiyo kama si yako. Kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua wanasema wakati kwa uwazi zaidi, kama ndiko unakoishi. Haiku isiyo na msimu wowote bado inaweza kusimama.

## Hatua ya 8: Mpe msomaji, uliza swali moja

Soma kwa sauti mara mbili, kwa mwendo wa kawaida, na utulie kidogo kwenye mkato. Usitoe utangulizi. Kisha uliza: "Umehisi nini?" Usiulize kama amependa. Watu wana adabu, watakuambia ni nzuri.

Majibu huangukia humu:

Anataja hisia iliyo jirani na yako. Wewe uliandika kugundua kwamba siku zimekwenda, yeye anasema "kumkosa mtu". Imefika. Usidai neno lako halisi.

Anauliza, "Huyu buibui ana maana gani?" Picha ziko mbali mno, au mnyama bado ana lebo. Badili kitu cha binadamu kwanza, kabla ya kumgusa mnyama.

Anasema, "Nimeelewa," na kunyamaza. Mara nyingi ina maana umemweleza kupita kiasi. Tafuta neno la hisia lililojificha. Huwa ni kivumishi katika mshororo wa kwanza.

Anacheka pasipo kuchekesha. Umemvika mnyama ubinadamu. Rudi kwenye orodha ya vitenzi.

Anahisi kinyume kabisa na ulichokusudia. Angalia kitenzi. "Aruka", "acheza" na "azunguka" hufurahisha sikio hata ukikusudia hofu. Kwa hofu jaribu "atulia", "asita", "arudi nyuma". Badili kitenzi kimoja tu, kisha mpe msomaji mwingine, maana wa kwanza ameshajua unachotafuta.